Picha Kavu

Siku hizi naishi kwa kuwauzia wajinga kamera. Sioni haya kulisema, kwa sababu wao wenyewe hawaoni haya kununua. Miaka mingi nilikuwa mpiga picha hapa Nyamirambo, Kigali: harusi, ubatizo, akika, picha za kitambulisho. Simu zikaja, watu wakaanza kujipiga wenyewe midomo wameibinua kama bata, nikafunga studio. Kamera zikaingia kabatini zikaota kuvu. Mke wangu akasema nizitupe, zinafuga mende. Leo kijana anakuja kutoka Kimihurura kwa gari la baba yake, anaishika moja ya kamera hizo hizo za mende, anafumba macho, ati anasikiliza mlio wake. Anasikiliza nini, jamani? Mimi nimeusikia mlio huo maisha yangu yote na haujawahi kuniambia neno la maana.

Akimaliza kusikiliza anauliza bei. Natazama kwanza viatu vyake, ndipo bei inakuja.

Viatu ndiyo elimu niliyoipata katika kazi ile. Uso unadanganya: poda ya kukopa, wigi la dada, hereni za shoga. Kiatu hakidanganyi. Cha kuazima kitabana au kitapwaya, na aliyekivaa atatembea kama kuku aliyefungwa kamba mguuni. Nilikuwa nikiingia ukumbini macho chini, watu wakadhani nina adabu. Wapi! Nilikuwa natafuta nani atalipa.

Basi wanunuzi wangu nawajua kuanzia unyayoni. Yupo bwana mmoja anayepamba mahoteli. Huyo hataki kamera nzima, anataka mbovu, za kupanga rafuni pamoja na pasi za mkaa na redio zilizokufa, ili wageni wanywe kahawa wakitazama shida zetu za zamani. Mara ya kwanza nilimfutia kamera sita kwa spiriti mpaka zikang'aa, akanuna. Akasema zimepoteza roho. Nikamwambia arudi kesho. Nikatoka barabarani, nikachota vumbi, nikazipaka vizuri kila mahali, na kesho yake akazichukua zote akinishika mkono kwa furaha. Tangu siku hiyo mbovu inanilipa kuliko nzima. Kule Gatsata, kwa mafundi wa magari, nilikuta kamera inayotumika kuzuia mlango usipigwe na upepo. Niliinunua kwa bei ya soda mbili. Sasa iko kwenye kabati la kioo katika mkahawa mmoja, ina taa yake peke yake, na watu wazima waliosoma wanaipiga picha kwa simu.

Wale vijana wanaotaka kuivaa shingoni ndio wananichosha zaidi. Hao wanauliza kamera imepitia nini. Imepitia nini! Imepitia mkononi mwangu, mwanangu, toa pesa twende. Lakini nikaona kwamba kamera isiyo na hadithi haipandi bei, nikaanza kuwapa hadithi, na iliyoniuzia kuliko zote ni ya picha kavu.

Ilikuwa hivi. Zamani mpiga picha alinunua filimu kwa pesa yake, mkanda mmoja picha thelathini na sita, na mtu alilipa siku anapokuja kuchukua picha yake. Sasa nenda harusini uone. Kila mtu anasogea mbele, na mimi, na mimi, hata asiyemjua bwana harusi, na wiki inayofuata nusu yao huwaoni. Unabaki na nyuso zao mezani zinakuchekea. Kwa hiyo wengine wetu tulikuwa tunavaa kamera mbili. Moja ina filimu, ya wenye viatu. Ya pili tupu kabisa, ila flashi yake inawaka. Asiye na viatu vya maana unampanga, unamwambia ainue kidevu, unamwashia flashi, anaondoka amefurahi kwenda kula pilau. Hiyo ndiyo kupiga kavu. Akija studio kuulizia, unamwambia pole sana, filimu iliungua.

Vijana wanacheka mpaka wanajishika magoti. Halafu nawaonyesha siri. Ukivuta huu mkono mdogo wa kulia, wa kusogeza filimu, tazama kigurudumu kile cha juu kushoto. Kikizunguka, filimu imo. Kikitulia, umepigwa kavu, nenda kale. Wanakizungusha, wanashangaa, na mimi naongeza bei papo hapo.

Mwaka jana asubuhi moja akaingia msichana wa miaka ishirini na kitu. Viatu vya ngozi, kisigino kifupi, vimefutwa vizuri ingawa nje kulikuwa na matope. Nikajisemea, huyu analipa. Akasalimia kwa heshima, akasema, "Mzee, niko natafuta..."

"Najua unatafuta nini," nikamkata. "Kaa hapo."

Mimi mtu akiingia dukani kwangu simwachii nafasi ya kusema, akisema atakumbuka kwamba hana haja na kamera. Nikamwekea mkononi ile yenyewe, kamera tupu ya harusini, nikamwambia hii haikuonja filimu kwa miaka kumi. Nikaanza. Nikampa hadithi ya viatu, nikampa kuku mwenye kamba, nikampa pilau. Nikamwigizia hata sauti yangu ya zamani ya kutoa pole. Hakucheka. Nikadhani ni mgumu wa kuelewa, wako wengi siku hizi, nikaongeza chumvi. Nikamwonyesha kigurudumu. Akakitazama muda mrefu sana.

"Mzee," akasema, "mimi siko nataka kununua. Nilikuja sababu ya picha ya mama."

Alitoka Kabuga. Mama yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na nyumbani hakuna picha yake yoyote isipokuwa ile ya kitambulisho, uso mmoja mdogo kama stempu. Lakini mama alikuwa akimwambia tangu utotoni kwamba ipo picha yao wawili. Ilipigwa harusini, hapo hapo Kabuga, yeye mtoto yuko mgongoni, na mpiga picha alikuwa mtu wa Nyamirambo. Bahati mbaya filimu iliungua. Msichana alikuwa amesikia kwamba mimi sijatupa negativu zangu, ziko kwenye makopo ya maziwa ya unga.

"Nikafikiri siku hizi kompyuta inaweza kutengeneza hata picha iliyoungua," akasema. "Hata kama itatoka nusu. Hata kama ni mkono tu."

Nikasema Kabuga walikuwa wakienda wapiga picha wengi. Ndivyo nilivyosema, wallahi, huku kamera yenyewe iko mapajani mwake.

"Mama alisema yule mpiga picha alimtazama miguu kwanza," akajibu. "Akatabasamu."

Nilimkumbuka mama huyo. Ningependa kusema nilikuwa nimesahau, watu walikuwa wengi, lakini nilimkumbuka kwa sababu yeye alikuja. Alikuja na basi kutoka Kabuga, pesa ya picha amefunga kwenye pindo la kitenge, kandambili zake za plastiki, moja imeshonwa kwa uzi wa gunia. Nikampa pole yangu. Akarudi wiki ya pili, labda nimekosea, labda niangalie tena. Mara ya tatu alifungua lile fundo, akaweka pesa mezani, akasema basi nimpe hiyo hiyo iliyoungua, yeye ataichukua hivyo hivyo. Nilimfukuza. Nilimwambia ananiharibia wateja. Mtoto alikuwa mgongoni amelala.

Na mimi miaka yote hii niliwaita wale watu wasiolipa.

Msichana hakulia wala hakunitukana. Angenitukana ningejua la kufanya, matusi nimezoea. Nikamwambia achukue kamera, sitaki hata faranga moja. Maskini mimi, nilidhani natoa kitu.

"Nifanye nayo nini?" akauliza.

Kweli, afanye nayo nini? Mimi niliyewacheka wanaonunua takataka kwa ajili ya hadithi, leo nilikuwa namlipa mtu takataka ile ile, na hadithi yenyewe ndiyo hiyo. Akaigeuza kamera mikononi, akasema, "Una filimu?"

Nilikuwa na mkanda mmoja, ulipitwa na tarehe lakini unafanya kazi. Akasema nimpige. Hakueleza kwa nini na mimi sikuthubutu kuuliza. Akaenda mwenyewe kusimama kwenye ukuta wa nyuma, pale zamani nilipokuwa natundika pazia la bluu, akaweka mkono mmoja mgongoni, kama mtu anayemshika mtoto asiteleze.

Kuweka filimu ni kazi niliyokuwa naifanya gizani, nikizungumza na watu. Siku hiyo ulimi wa filimu ulinitoka mara mbili. Nilipofunga mgongo wa kamera nikamwambia inua kidevu, tazama lenzi, na nilipojisikia nikisema inua kidevu nikaona aibu mpaka masikioni. Nikavuta, nikapiga. Nikavuta, nikapiga. Sikutaka kuacha. Nilipiga zote thelathini na sita, mshenzi mimi, kama mtu anayeweza kulipa yote siku moja. Zilipokwisha akasema asante mzee, akaniachia namba ya simu, akaondoka. Kamera hakuichukua, ilibaki kwenye kigoda.

Hapa Kigali sasa simjui wa kusafisha filimu. Niliutuma mkanda Kampala na basi, picha zikarudi baada ya wiki mbili, zote, safi, hakuna hata moja iliyoungua. Nikampigia simu. Akasema sawa mzee, nitakuja. Nikampigia tena, akasema wiki ijayo. Hajaja. Zipo mezani kwangu katika bahasha, na kamera ile siiuzi, ingawa yule bwana wa mahoteli ameiulizia mara mbili.

Nimezitazama moja moja, nikitafuta hata moja nzuri ya kumpelekea mwenyewe Kabuga. Mwanga ni mzuri, ukuta ni mzuri, na yeye amesimama vizuri, mkono mgongoni. Lakini katika picha zote thelathini na sita hatazami lenzi. Anatazama kando kidogo, juu ya vidole vyangu, kuona kama kigurudumu kinazunguka.