Kanga ya Kabula na Mbio za Ziwa Kavu

Naikumbuka siku ile mpaka harufu ya tope lake, mwanangu. Kaa kwanza. Machimbo ya Rwamgasa hayahami, na dhahabu iliyokungoja miaka yote hiyo itakungoja hadi kesho.

Juzi redio ilisema kuna nchi za baridi ambako ziwa huganda, watu wakashindana mbio juu yake. Mkacheka. Nanyi kila kiangazi ziwa letu likikauka mnakimbia juu yake wawili wawili, mmefungwa mikono kwa kitambaa, wala hamjaniuliza mbio hizo zilianzaje. Zilianza kwa ujinga wangu.

Mwaka mmoja wa ukame, miaka ya sabini, dada yangu Kabula alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza, ukawa mzito. Mkunga alikuwa zahanati, ng'ambo ya ziwa. Baba akatutuma mimi na rafiki yangu Masanja.

"Fuateni nyayo za ng'ombe," akasema. "Ng'ombe anajua pagumu. Na msiachane."

Mimi nilikuwa na mbio, na sifa zilishanipanda kichwani. Nyayo zile zilizunguka mbali, nikaona Masanja ananichelewesha. Nikamwacha, nikakata katikati ili nifike wa kwanza. Juu palikuwa pakavu, pamepasukapasuka. Chini kulikuwa na uji mtupu. Nikazama hadi kifuani, nikapiga mwano.

Na unajua kwetu, yowe la mwano halipitwi. Ukilisikia ukaendelea na safari zako, huna tena watu. Masanja alikuwa amekaribia ng'ambo. Akarudi. Alinivuta kwa fimbo yake mpaka jua likainama, ndipo akakimbia upya kumwita mkunga.

Kabula alipona. Mtoto wake, wa kiume, hakulia.

Baba hakunipiga, na heri angenipiga. Alisema tu, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wewe guu lako zima, ng'wanawane, mwanangu. Umevunja la dada yako." Mpaka leo naona haya nikiyakumbuka.

Kiangazi kilichofuata vijana walikusanyika ziwani kushindana, kama kawaida yao. Kabula akaja na kanga mpya aliyokuwa ameiweka ya kumbebea mwanawe. Akaichana vipande. Cha kwanza alinifunga mimi na Masanja, mkono kwa mkono.

"Kimbieni hivi," akasema. "Atakayefika peke yake hatumhesabu."

Basi sikiliza. Huko mashimoni utakuta njia za mkato nyingi, na vijana wenye haraka kama mimi. Waulize waliotangulia ardhi ngumu ni ipi. Usimwache mwenzio kwa kutafuta sifa, maana sifa zikikuzamisha, anayeumia ni mtu ambaye hata hakuwepo. Na ukisikia mwano, geuka.

Mungu atangulie hatua zako, ardhi ikubebe, na akujalie Masanja wako. Lete mkono nikufunge kitambaa hiki. Kimechakaa, lakini ndicho kile cha kwanza.