Mpiga Kasia wa Kisiwa cha Minandi

Mpiga kasia yule alikuwa na mikono iliyopasuka kama majaruba ya mpunga wakati wa kiangazi, na sauti ndogo. Kila alipofika kwenye kile kisiwa cha mawe kisichokaliwa na mtu, aliwasalimu ndege kwanza, “Mwangaluka,” kama aingiaye mji wa watu, kisha akatembea akiburuta nyayo asije akakanyaga yai. Siku moja alimpeleka Mwenyekiti Machibya, ambaye kwenye mkutano wa kijiji aliahidi mbolea ya kinyesi cha ndege kwa shamba la pamba la ujamaa. Walipotia mguu kisiwani, minandi, wale ndege weusi wavuvi, waliruka wote, mayai yakabaki juani.

“Shusha magunia, baba,” alisema Machibya. “Au ndege nao tuwaitishie mkutano?”

Mpiga kasia alivua shati, akalishika kwa mikono miwili juu ya mayai. Kivuli kilitosha viota viwili tu, kati ya mamia.

“Jua linayapika, Mwenyekiti. Ndege wenyewe hawarudi mpaka tuondoke. Makinda wakisharuka, mbolea nitaileta mwenyewe.”

Machibya aliwawaza watu waliomngoja ufukoni na majembe yao. Akautazama mgongo ule uliochuruzika jasho. Mwisho akayakunja magunia matupu, akarudi mtumbwini akiburuta nyayo.