Kabla Hujaizima Injini

Asubuhi moja haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa sasa nimestaafu na nakaa zangu Makambako nalima parachichi. Nilikuwa rubani kijana wa ndege ndogo ya injini mbili. Tulikuwa Njombe kumchukua mama mjamzito aliyeletwa kwa gari kutoka Tandala. Alikuwa anavuja damu, na ilibidi afike Dar es Salaam kabla ya mchana. Pembeni yake alikaa nesi. Pembeni yangu alikaa Kapteni Mligo, Mbena wa Ilembula, mtu wa maneno machache, ambaye ndiye alikuwa akinifundisha.

Sasa, siku ile injini ya kulia ilikuwa imeamka vibaya. Ilikohoa wakati wa kuwasha, fundi akaishughulikia, akasema iko sawa. Mimi sikumwamini. Nilishaweka moyoni kwamba ni hii itakayotuangusha. Ndivyo tulivyo, ukishamshuku mtu unabaki kusubiri tu akosee.

Tukaruka. Tulikuwa ndiyo kwanza tumeuacha uwanja, chini yetu miti ya paini, injini moja ikafa. Hakukuwa na mlipuko kama wa kwenye sinema. Ndege ilivuta kushoto, ikaanza kulegea. Mguu wangu wa kulia ukakanyaga pedali kuinyoosha, kama nilivyofundishwa, na wa kushoto ukabaki hauna kazi. Upande wa mguu usio na kazi ndiko iliko injini iliyokufa. Yaani jibu nilikuwa nalo mguuni. Lakini mkono wangu ukaenda kwenye injini ya kulia, ile niliyoishuku, niizime kabisa.

Hapo uelewe vizuri. Ile ya kulia ndiyo pekee iliyokuwa inatubeba. Ningeizima, tungeishia kwenye paini watu wanne, watano ukimhesabu mtoto.

Kapteni akanishika mkono. Hakupiga kelele. Alisema, "Isalimie kwanza."

Kwetu unakujua. Huingii kwa mtu ukamwaga shida yako kabla hujamsalimu kamwene, naye akaitika. Nikaelewa. Nikaurudisha nyuma taratibu wenzo wa nguvu wa ile ya kulia, kidogo tu. Mlio ukabadilika, ndege nzima ikazama. Imeitika. Nikaurudisha mbele upesi. Nikaisalimia ya kushoto: kimya, hakuna kilichobadilika. Basi ndiyo hiyo tukaizima, tukalaza mapanga ya propela yake yasikinze upepo.

Njombe iko juu na hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo injini moja ilipanda kwa taabu. Baridi ya asubuhi ilitusaidia. Tukazunguka polepole, bila kukata kona kali, tukarudi kutua. Ndege nyingine ikaja kumchukua yule mama.

Alipokuwa anahamishwa alinishika mkono, akanishukuru kwamba nimemwokoa yeye na mwanawe. Nikasema asante. Kapteni aliona. Baadaye, tukiwa wawili, akaniambia, "Umeshukuriwa kwa mkono uliotaka kumuua. Usisahau."

Niliona aibu, mwanangu, na naiona mpaka leo. Mtoto alizaliwa mzima, mama naye akapona, ndiyo maana naweza kukusimulia nikiwa nimetulia hivi.

Nasaha yangu ni hii. Utakuwa na mwenzi, au ndugu, au mtu wa kazini, aliyewahi kukuudhi. Siku mambo yakiharibika, mkono wako utamkimbilia yeye kabla hujafikiri. Usimtupe. Mjaribu taratibu, usikilize kama anaitika, maana huenda ndiye pekee anayekubeba. Haraka yako haimwumizi yeye tu. Nyuma yako wamekaa watu ambao hawajui unachotaka kufanya.

Mungu akulinde, mwanangu, akujalie na mtu wa kukushika mkono kwa wakati. Siku ile sisi watano tulipewa mmoja.