Kinyozi Aliyeitwa Tulia

Siku ya kwanza kumwona, alininyoa nusu ya kichwa akatoka nje na simu. Nilikaa na kitambaa shingoni, namsikia barazani akiibembeleza: "Panda! Panda, mama!" Mwingine angepiga kelele. Mimi ni mtu wa haya. Nilivaa kofia yangu, nikaacha hela mezani, nikarudi kwenye kibanda changu cha kushona viatu, jirani tu na saluni yake. Punde akaja mbio, mashine mkononi, akanivua kofia mbele ya wateja wangu.

"Kaka, umeniibia nusu ya kichwa!"

Hapo tukawa marafiki.

Tulia ni jina alilobandikwa na dada yake, kwa sababu hajawahi kutulia. Hata akikaa, mguu ulicheza. Alikuwa akibashiri bei za sarafu za mtandaoni: unaweka dhamana ndogo, kampuni inakukopesha dau kubwa, unasema bei itapanda au itashuka. Ikienda kinyume mpaka dhamana iishe, wanafunga dau lako, umeliwa.

Dhamana hiyo ina njia mbili, alinieleza siku moja akininyoa. Ya kutenga: fungu ulilotenga likiliwa, limeliwa hilo tu. Ya pamoja: kila senti iliyomo kwenye akaunti inasimama nyuma ya dau. Dada yake, mjane aliyeishi na wanawe chumba cha nyuma ya saluni, alimwapisha atumie ya kutenga, maana kodi ya saluni na ya chumba aliiweka humo humo.

Alitii. Kisha bei ikashuka, ikagusa mpaka wa kufungiwa dau, fungu likaliwa. Kabla hajameza mate, ikapanda kuliko mwanzo. Hilo lilimkosesha raha kabisa.

"Ilinigusa tu, kaka! Ningekuwa na pumzi kidogo!"

Dau lililofuata aliweka la pamoja.

Siku hiyo nilikuwa kitini tena. Bei ilishuka taratibu, na mashine ilisimama juu ya utosi wangu kila alipochungulia simu. Dada yake akaingia na ndoo ya maji.

"Umetenga au umechanganya?"

"Dada, ukitenga unakufa kwa kiu na mtungi umejaa."

"Mtungi wa nani huo? Funga, kabla hatujalala nje!"

"Itarudi. Juzi si ilirudi?"

"Na kodi ikiisha kabla haijarudi?"

Mguu ukacheza. Akanitazama kwenye kioo. "Kaka, ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Nilitamani ardhi inimeze. "Mimi naomba ninyolewe," nikasema. "Ile nusu ya kwanza mpaka leo wananicheka."

Dada mtu akaangua kicheko. Naye akacheka, machozi yakimlengalenga. Kisha akabonyeza, akafunga dau. Kodi ilikuwa imebaki nusu: chumba cha nyuma inakitosha, saluni haifiki. Akampa dada yake simu.

Kesho yake aliondoka kwenda mji mwingine, kunyoa kwenye saluni ya mtu. Bei ilikoishia sikuuliza. Ninachokumbuka ni mkono wake shingoni kwangu baada ya kuiachia ile simu, na maneno ya mwisho aliyoniambia:

"Usiinuke, kaka. Nyuma ya sikio bado."