Eti Papa Luc ameniokoa kwenye theluji

Parokia nzima inaamini kwamba leo Papa Luc ameniokoa.

Bon, ninyi dada zangu nitawaambia ukweli.

Asubuhi tulitoka Brussels kwenda vilima vya Ardennes, tukavaa vile viatu vipana vya kutembelea juu ya theluji. Mimi, mtoto wa Bukavu, nilijisifu sana! Baada ya saa moja nilikuwa wa mwisho, pumzi sina, wenzangu siwaoni.

Ndipo nikamkuta Papa Luc, yule padri mzee aliyeishi Kivu, ameketi chini ya mti akitetemeka.

"Maman Furaha, miguu imekataa. Usiwaambie."

Nilimnywesha chai yangu yote, nikamfunga kitenge changu shingoni, nikamshika kiuno. Kila hatua kumi tulipumzika.

Tulipofika kwenye basi, watu wakapiga makofi.

"Merci, Papa, kwa kurudi nyuma kumchukua Maman Furaha!"

Akafungua mdomo aseme. Nikamwahi:

"Bila yeye ningelala kule."

Njiani alilala begani mwangu mpaka Brussels. Bega limekufa ganzi, lakini sikuthubutu kusogea.

Ninyi mungesema ukweli?