Farao Niliyemkumbatia

Mnicheke tu, nimejitakia. Nilikwenda Misri likizo, nikalipia ziara ya siku moja ya kuzungushwa na mwongozaji kwenye mahekalu ya kale. Basi liliondoka alfajiri, kiyoyozi kikanibembeleza, nikalala fofofo. Wenzangu walishuka, wakatembea, wakarudi. Mimi nakoroma.

Sasa ningewaambia nini akina mama wa kikundi chetu hapa London? Niliporudi, nikaenda jumba la makumbusho la hapahapa London, nikavua koti, nikavaa miwani ya jua na kofia ya ukili, nikamkumbatia farao wa mawe huku binti yangu akinipiga picha.

“Mum, stop it!” akanong'ona.

Jumamosi, nyumbani kwa Mama Neema huko Barking, simu yangu ikapita mkono hadi mkono.

“Hapo jua linachoma, jamani, nilidhani nitafia palepale!”

Wakapiga vigelegele.

Mlango ukafunguka. Akaingia mume wa Mama Neema, ambaye hatukuwahi kutambulishwa, bado amevaa sare ya ulinzi. Akaichungulia picha, kisha akanitazama mimi, kisha picha tena.

“Karibu, shemeji,” akasema. “Si wewe niliyekukataza Jumanne usishike sanamu?”