Ukuta wa Bibi Somoe

Siku ile bado naikumbuka, wanangu, kwa sababu nilitumwa kumwita mtu ambaye mtaa mzima ulikuwa umekubaliana asikaribishwe. Nasikia mnavyobishana sasa hivi juu ya hizi nyumba za zamani zinazonunuliwa na kuvunjwa ili zipishe maghorofa. Sitaki kuwanyamazisha. Nisikilizeni kidogo tu.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, naishi Temeke na bibi yangu, Bibi Somoe. Nyumba yetu na ya jirani zilitumia ukuta mmoja. Babu na rafiki yake walitoka Kusini pamoja, wakabeba mizigo bandarini pamoja, na walipopata viwanja vinavyopakana hawakuona haja ya kujenga kuta mbili. Walipofariki wote, watoto wa yule rafiki wakauza upande wao kwa tajiri mmoja aliyetaka kujenga ghorofa. Kuuza ilikuwa haki yao. Shida ni kwamba katapila likivunja kwao, na kwetu kungedondoka.

Mtaa ukagawanyika. Kaka Hamisi, fundi baiskeli, alisema hizo ni nyumba za wazee wetu na haling'olewi hata tofali moja. Baba Rehema mwenye duka akasema maendeleo hayazuiwi, na ghorofa litaleta wateja. Kila jioni walibishana pale kibarazani kwetu, wakiitana washamba na wasaliti. Bibi alikuwa akiwasikia kutoka ndani, anachagua mchele. Hakuna aliyegeuka kumuuliza yeye anataka nini, na ndiye ambaye angelala nje. Mimi nilijua, maana aliniambia: anautaka ukuta wake tu. Lakini nilikuwa na aibu mno. Watu wakikusanyika, sauti ilikuwa hainitoki.

Mwishowe kina Hamisi walishinda kwa kelele. Wakakubaliana kwamba msimamizi wa ujenzi akija asipewe kiti wala maji ya kunywa.

Akaja, na katapila likaegeshwa nyuma, uani kwa jirani. Yeye akasimama mbele juani, shati limemganda mgongoni, watu wanamzomea.

Bibi akaniambia, "Kamwite yule baba. Mwambie kuna chai."

"Bibi, wamesema asikaribishwe."

"Kwani hapa ni kwao?"

Nikatoka. Nilimwamkia kwa sauti ndogo mpaka akalazimika kuinama ndipo anisikie. Hamisi akacheka, "Haya, bibi yako kashahongwa kilo ya sukari." Nilitamani ardhi ipasuke niingie.

Bibi alimkalisha kwenye kiti kilichokuwa kando ya kitanda chake, mgongo ukiegemea ule ukuta. Mlango ulikuwa wazi, na watu wakajaa ukumbini kuchungulia. Akampa chai ya tangawizi na andazi. Akamuuliza habari za nyumbani, akamuuliza kama mama yake ni mzima. Akajibu ni mzima, yuko Tanga. Habari ya kuvunja Bibi hakuigusa kabisa.

Huko uani dereva wa katapila alichoka kusubiri, akaanza kazi. Kishindo cha kwanza, vikombe vikagongana kabatini. Cha pili, lipu ikamwagika mabegani kwa mgeni na ndani ya chai yake. Akaruka akasimama. Bibi alibaki amekaa kitandani.

"Kichwa changu nakilaza hapo hapo," akasema. "Mie sina ugomvi na ghorofa lenu, mwanangu. Vunjeni chenu. Nieleze tu, mie mnaniachaje?"

Yule baba akatoka mbio kumzuia dereva. Aliporudi alisimama mlangoni, bado ana vumbi kichwani. "Mama, mimi nilionyeshwa ramani tu. Hakuna aliyeniambia kwamba nyuma ya huu ukuta analala mtu."

"Wangekwambia saa ngapi?" Bibi akamjibu. "Walikuwa wanakuzomea."



Bibi na yule baba wakaelewana hapo hapo kwamba upande ule utabomolewa kwa nyundo, taratibu, na ukuta utabaki na kupigwa lipu mpya. Kina Hamisi ndio waliopewa kibarua hicho. Ghorofa lilijengwa, sitawadanganya, likatuzibia upepo wote, na Bibi alilinung'unikia mpaka mwisho. Lakini alifia nyumbani kwake.

Hamisi alikuja baadaye kuomba radhi. Bibi hakumgombeza. Alimwambia, "Ulinipigania, mwanangu, lakini hukuniuliza."

Basi wanangu, upiganieni mtaa wenu, ni haki yenu. Ila kabla hamjapaza sauti, nendeni kwa yule ambaye nyumba itamwangukia. Muulizeni anataka nini, mkaanzie hapo, hata kama jibu lake ni dogo kuliko hasira zenu. Na huyo mnayeshindana naye mkaribisheni ndani, akae mnapokaa nyie. Mkimwacha barabarani, atakachokiona ni mabati yenu tu. Na wewe mwenye aibu kama nilivyokuwa mimi, usijilazimishe kupiga kelele. Msogelee mtu karibu, useme neno lako. Atainama akusikie.

Mungu awape majirani wa kusikilizana nao, awalinde ninyi na walio dhaifu majumbani mwenu, na uzee uwakute mkiwa salama, mahali mnapopaita kwenu. Amina.